Kaburi la Ngorongoro na sinema zilizotufundisha kuhama

Ukitoka Karatu mjini kwenda Ngorongoro, lami inakusindikiza mpaka lango la Lodoare, halafu inakuaga. Baada ya hapo ni vumbi, au tope kama ni masika, na msitu wenye ukungu mpaka ukingo wa kreta. Ukiendelea kidogo kwenye ukingo huo unakutana na piramidi fupi ya mawe kando ya barabara. Magari ya watalii husimama hapo dakika mbili tatu, watu wanapiga picha, wanaondoka. Lile ni kaburi. Amelala pale Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa tarehe 10 Januari 1959 akiwa na miaka 24. Pembeni yake yamezikwa majivu ya baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987.

Mara ya mwisho kupita pale nilimuuliza dereva wetu, kijana wa Karatu, kama anajua hao walikuwa nani. Akajibu bila kugeuka: "Ni wazungu waliokuwa wanapiga sinema ya wanyama, ndege ikaanguka." Jibu sahihi kabisa. Nikamuuliza tena: hiyo sinema umewahi kuiona? Akacheka. Hajaiona. Nikajiuliza, ni watu wangapi wa Karatu na Ngorongoro wamewahi kuiona sinema ambayo imebadili maisha yao kuliko sinema nyingine yoyote duniani?

Swali hilo limenisumbua. Nimelifuatilia, na limenirudisha nyuma zaidi ya Grzimek, mpaka milima ya Usambara miaka ya 1930. Nilichokiona ni hiki: kwa miaka kama thelathini kabla ya Uhuru, Wazungu walileta kamera Tanganyika kwa ajili ya mtu wa kijijini. Kwanza kamera ikamwambia abadilike. Kisha ikamwambia ahame. Mwishoni ikaona kwamba picha inapendeza zaidi asipokuwemo. Kitu ambacho haikufanya ni kumuuliza yeye anataka nini. Ukiujua mfululizo huo, habari za Ngorongoro unazozisoma magazetini leo zinasomeka tofauti.

Basi tuanzie mwanzo.

Sinema ilizaliwa mjini, lakini tangu siku ya kwanza ilimtazama mtu wa shamba. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Lumière walipoonyesha picha zao mjini Paris kwa watu waliolipa kiingilio, mojawapo ilikuwa ya mkulima wa bustani anayemwagilia maji. Kijana mtundu anaukanyaga mpira, maji yanakatika, mkulima anachungulia, kijana anaachia, maji yanamrukia usoni. Watu wa Paris wakacheka. Huenda hicho ndicho kichekesho cha kwanza cha sinema, na anayechekwa ni mtu wa jembe.

Miaka thelathini baadaye mzaha ukageuka kazi ya serikali. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na mamilioni ya wakulima ambao chama kilitaka wajiunge na mashamba ya pamoja. Mwaka 1929 Sergei Eisenstein akatoa filamu ambayo kipande chake mashuhuri zaidi ni cha wanakijiji wakiisubiri mashine ya kutenganisha krimu na maziwa. Wanaitazama kwa mashaka kama tunavyomtazama fundi aliyetudanganya jana, mpaka krimu inapotoka na nyuso zinang'aa. Mwaka uliofuata Oleksandr Dovzhenko wa Ukraine akatoa yake, ambamo trekta linaingia kijijini kama bwana harusi. Ni filamu nzuri sana. Lakini kumbuka kilichofuata: mwaka 1932 na 1933 kijiji hichohicho cha Ukraine kilikumbwa na njaa iliyoua mamilioni, baada ya serikali kuwasukuma watu kwenye mashamba ya pamoja na kuwanyang'anya nafaka. Kwenye filamu trekta linapokewa kwa shangwe. Filamu haikuonyesha nani atakula mavuno.

Waingereza nao walikuwa na wakulima wao wa kubadilisha, ila walikuwa mbali, Afrika na Asia. Mwaka 1929 mwanasayansi Julian Huxley alitumwa Afrika Mashariki kutazama mambo ya elimu. Mizigoni alibeba filamu chache za mafunzo, akawaonyesha wanafunzi wa shule za huku ili kuona kama Mwafrika anaweza kuelewa picha zinazotembea. Ndiyo, hilo lilikuwa swali la kitaalamu siku hizo. Huxley aliporudi kwao alitoa habari njema: wanaelewa. Mkumbuke bwana huyu, tutakutana naye tena mbele, na safari hiyo atakuwa anazungumzia wanyama.

Mwaka 1935 jaribio kubwa likaanza, na makao yake yalikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Korogwe ya leo. Liliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa kifupi BEKE. Mwenye wazo alikuwa Mmarekani J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni. Pesa nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Kazi za kila siku ziliendeshwa na Waingereza wawili: Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge huku kwetu, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia.

Lengo lao, kama walivyoliandika wenyewe, lilikuwa kumsaidia Mwafrika mtu mzima aelewe mambo mapya yaliyomzunguka na kuyazoea. Walitaka pia kuhifadhi yaliyo mema katika mila, na kuziba pengo lililokuwa linapanuka kati ya vijana waliosoma na wazazi wao. Hebu tuwatendee haki, hayo hayakuwa malengo ya watu wabaya. Na walichapa kazi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 walitengeneza filamu fupi kama 35. Picha zilisafishwa hukohuko mlimani Vugiri. Sauti haikuwa ndani ya filamu, ilikuwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine kama Kiganda, Kikikuyu, Kinyanja na Kibemba. Mahali pengine mtu alishika kipaza sauti akaeleza picha inavyokwenda. Ukiona leo kwenye banda la video kijana anasikiliza sinema ya Kichina iliyoingiziwa Kiswahili na marehemu Lufufu, usidhani ni uvumbuzi wa jana. Ufundi huo una mababu.

Mada zao? Safura. Malaria ya watoto. Mmomonyoko wa udongo. Ngozi za ng'ombe. Kahawa chini ya kivuli cha migomba. Kodi. Kuna moja kuhusu mafunzo ya Waafrika katika idara ya mifugo, enzi ambazo makao ya idara yalikuwa Mpwapwa. Kuna nyingine kuhusu mpango wa Kingolwira, Morogoro, mahali ambapo wengi wetu leo tunapajua kwa sababu ya gereza. Humo wakulima wa Kiafrika wanaanza maisha mapya kwenye mashamba yaliyopangwa, chini ya jicho la wataalamu.

Iliyo maarufu zaidi inahusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara wao shambani. Mmoja anachimba shimo nyumbani, anazika pesa. Mwingine anapeleka zake posta. Mwizi anakuja, na wewe msomaji umeshajua anakwenda kwa nani. Usicheke sana. Ukiyaangalia baadhi ya matangazo ya benki na ya simu tunayotazama leo, kisa ni kilekile, kimebadilishwa nguo tu.

Kati ya Septemba 1935 na Februari 1936 lori la BEKE lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Lilitembea zaidi ya maili 9,000, yaani kilomita zaidi ya 14,000, kwenye barabara za siku hizo. Lilifanya maonyesho 95 na kutazamwa na watu wapatao 80,000. Fikiria jenereta inawashwa, shuka jeupe linatundikwa, na watu ambao hawajawahi kuona picha ikitembea wanamwona mtu mweusi mwenzao anachimba shimo na kuficha pesa. Ni usiku ambao mtoto aliyekuwepo alikuja kuusimulia kwa wajukuu.

Lakini mwaka 1937 mradi ulikufa. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki hazikutaka kuubeba kwa pesa zao, na ubora wa picha ulikuwa wa wasiwasi. Filamu nyingi zimepotea. Chache zilizobaki, zikiwemo ya Kingolwira, ya safura na ya mafunzo ya mifugo, zinatunzwa London. Majina ya Notcutt na Latham tunayo. Vibarua wale wawili, wakulima wa Kingolwira na yule "mwizi" ni babu zetu, lakini hakuna anayewataja.

Ilipoanza vita mwaka 1939, Waingereza wakaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers ambaye alikuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazorukaruka, kwa hiyo filamu zake ziende polepole, kitu kimoja kimoja, bila ujanja wa kamera. Imani hiyo ilizaa kisa kimoja kilichosimuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kupata umaarufu duniani kupitia kitabu cha Mkanada Marshall McLuhan. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya bwana afya akifundisha kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini wakajibu: kuku. Wataalamu wakashangaa, kuku gani? Wakairudia filamu pichapicha, na kweli, kuku alikatiza pembeni kwa sekunde moja. Wao hawakuwa wamemwona.

Kisa hicho kimefundishwa vyuo vikuu kama ushahidi kwamba mtu wa kijijini hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma vingine. Walioshindwa kumwona kuku ni wenye filamu. Wanakijiji waliona kitu pekee pale kilichokwenda bila kuelekezwa, ambacho pia ni mali ya mtu. Kama wangeulizwa swali la pili, "mnadhani kuku yule ni wa nani?", nadhani mazungumzo yangenoga. Ila swali la pili halikuwemo kwenye mpango.

Sasa tusogee kwenye hatua ya pili, kutoka "badilika" kwenda "hama".

Mwaka 1946 Thorold Dickinson alitoa filamu ya rangi iitwayo Men of Two Worlds. Waingereza waliianza wakati wa vita, kwa msaada wa Wizara yao ya Habari. Kikosi kilikuja Tanganyika kupiga picha, ingawa sehemu kubwa ilitengenezwa studio, Uingereza. Kisa chenyewe: Kisenga, mpiga piano aliyeishi Ulaya miaka mingi, anarudi kwao Tanganyika. Malale inaua watu. Bwana Shauri anataka kijiji kizima kihamie mahali pasipo na mbung'o. Mganga, Magole, anakataa na kumloga Kisenga. Mwishoni dawa ya kizungu inashinda, watu wanakubali kuhama. Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa Guyana, Magole na Orlando Martins wa Nigeria. Wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa London waliposikia kisa hicho kingali kinaandikwa, walilalamika serikalini kwamba kinamdhalilisha Mwafrika. Filamu iliendelea.

Watu wa Karatu wangeitazama filamu hiyo kwa namna yao. Karatu tunayoijua, ya mahindi, ngano na maharage kutoka Rhotia mpaka Endabash, ni nchi ambayo Wairaqw waliifungua kwa kusogea kutoka Kainam na vilima vya Mbulu, kadiri vichaka vya mbung'o vilivyofyekwa zama za ukoloni. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu wa kijijini anapinga kila kitu kipya, akikataa kuhama kwa kuwa tu mganga amemkataza. Wairaqw walihama kwa sababu walihitaji ardhi, na walifyeka kwa mikono yao. Walichonung'unikia ni kile walichobebeshwa juu yake. Mpango wa maendeleo wa Mbulu uliwadai wapunguze mifugo, jambo lisilo dogo kwa mtu ambaye ng'ombe ndiyo benki yake. Ukimwambia auze ng'ombe apeleke pesa posta, amekusikia vizuri sana. Tatizo ni kwamba hesabu zake yeye ni tofauti na zako.

Kwenye filamu ya Dickinson hakuna mtu wa namna hiyo. Kuna Bwana Shauri mwenye busara, mganga mwenye hila, msomi aliyegawanyika, na kundi la watu linalosubiri kuambiwa. Mwanakijiji mwenye akili anayesema "nitahama, lakini si hivyo unavyotaka" hayumo.

Na sasa hatua ya tatu. Turudi kwenye kaburi.

Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na Ujerumani nzima ilimjua kwa kipindi chake cha televisheni. Mwanzoni mwa 1958 yeye na Michael walikuwa Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Wakati huo hifadhi ya Serengeti ilijumuisha Ngorongoro, na ndani yake waliishi Wamaasai na mifugo yao. Serikali ya kikoloni ilitaka kuigawa: Serengeti iwe ya wanyama peke yao, Ngorongoro iwe ya wanyama na watu. Akina Grzimek walikuja kuhesabu wanyama kutoka angani na kufuata njia za nyumbu, ili kuonyesha kwamba mipaka mipya itazikata. Walihesabu zaidi ya wanyama 366,000, nyumbu wakiwa kama 99,000.

Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi, ikaanguka, akafa peke yake. Baba yake akaimalizia filamu. Jina lake kwa Kiswahili ni "Serengeti haitakufa". Mwaka 1960 ilipata Oscar ya filamu bora ya maelezo halisi. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa lugha nyingi, michango ikamiminika. Grzimek alikuwa mjanja pia. Aliwahi kuwatangazia Wajerumani kwenye televisheni kwamba kuna safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki, wakati safari hizo hazijaanzishwa. Watu wakaziulizia kwa wingi, na kampuni zikalazimika kuzianzisha. Karatu ya hoteli, kambi na maduka ya vinyago inadaiwa kitu na uongo ule mtakatifu. Hata dereva wetu analishwa nao.

Kwa hiyo sitaki kumtukana mtu aliyelala pale. Alimpoteza mwanawe kwa ajili ya nyumbu wetu. Lakini Grzimek aliamini, na aliandika wazi, kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu yeyote, hata wenyeji. Na wakati anahesabu nyumbu, jambo jingine lilikuwa linatendeka chini. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini karatasi ya kukubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 sheria ikapita, Eneo la Hifadhi la Ngorongoro likazaliwa. Gavana Richard Turnbull akaliambia Baraza la Wamaasai mwaka huohuo kwamba, ikitokea mgongano huko kati ya maslahi ya wanyama na ya watu, ya watu yatatangulizwa.

Angalia tofauti. Hesabu ya nyumbu ilipata filamu ya rangi na Oscar. Ahadi ya Gavana haikupata hata picha moja iliyokumbukwa. Dunia nzima ilijua Serengeti haitakufa, lakini walioijua ile ahadi ni waliokuwa kwenye mkutano na watoto wao.

Hapo ndipo Julian Huxley anaporudi. Mwaka 1960 alizunguka Afrika ya kati na mashariki kwa niaba ya UNESCO, safari hii kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa waanzilishi wa WWF. Mtu aliyekuja mwaka 1929 kupima kama mwanakijiji anaweza kuelewa picha, miaka thelathini baadaye alikuwa anahimiza dunia iokoe nchi isiyo na mwanakijiji. Sisemi alikuwa na njama. Nasema huo ndio mwendo wa mawazo ya zama zile: Mwafrika wa kijijini alianza kama mwanafunzi, akaishia kuwa kero kwenye mandhari. Na mandhari hayo yaliuzika. Mwaka 1962 ulimwengu ukapata Hatari!, filamu ya Howard Hawks na John Wayne, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, Ngorongoro ikiwemo. Faru wamo, twiga wamo, tembo wadogo wanachekesha. Wenyeji wako pembeni.

Najua mtu atauliza: baada ya Uhuru je? Swali zuri, na jibu lake halitupi raha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili Tanganyika kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Nyota wake alikuwa kijana wa idara ya ustawi wa jamii aliyeitwa Rashidi Kawawa, ndani ya Muhogo Mchungu na nyinginezo. Hatimaye sura yetu ikawa mbele, ikisema Kiswahili cha kueleweka. Kijana huyo ndiye baadaye Simba wa Vita, na kuanzia 1972 hadi 1977 alikuwa Waziri Mkuu. Miaka hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari, wengi kwa amri. Umaasaini iliitwa Operesheni Imparnati. Kampuni yetu ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ikatupa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuusifu ujamaa. Mkoloni alikuwa ameondoka, lakini ile sauti ya kumweleza mwanakijiji maisha yake ilibaki. Iliyobadilika ni lafudhi tu.

Ngorongoro nako mambo yaliendelea. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku kwenye eneo lote, mwaka 1992 kikaruhusiwa, baadaye kikapigwa marufuku tena. Watu waliokuwa kama 8,000 mwaka 1959 wakazidi 90,000. Serikali ikasema idadi ya watu na mifugo inaielemea hifadhi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Juni 2022 familia zikaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, mkoani Tanga. Serikali imesema ni kwa hiari. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wamesema hiari gani, wakati huduma zinakatwa? Televisheni zikatuonyesha nyumba mpya za Msomera, familia zikikabidhiwa funguo. Nilipozitazama picha zile nilikumbuka Kingolwira: watu wakianza upya mahali palipopangwa, kila kitu kikiwa safi, na sauti ya mtu mwingine ikieleza.

Lakini kuna kitu kimoja kilichokuwa kipya. Agosti 2024 maelfu ya wakazi wa Ngorongoro walijitokeza kwenye barabara ileile inayopita kwenye kaburi la Grzimek, magari ya watalii yakasimama. Tulioona, tuliona kwenye simu zetu, na picha nyingi zilipigwa na watu waliokuwemo. Zilitikisika, sauti ilikatikakatika, kidole kilikuwa mbele ya kamera. Notcutt angezitupa, na Sellers angesema zinarukaruka mno. Ila ndani yake watu walizungumza wenyewe, kwa Kimaasai na Kiswahili, wakidai shule, hospitali, haki ya kupiga kura walipo. Kwa namna ya ajabu walikuwa wanalijibu swali ambalo lori la BEKE halikuuliza.

Sidai kwamba mtu wa kijijini ana haki kila mara, wala kwamba nyumbu hawana haki. Safura ilikuwa inaua kweli. Malale ilikuwa inaua kweli. Udongo wa Mbulu ulikuwa unamomonyoka kweli, na ukipita Karatu wakati wa mvua utaona makorongo yaliyokula mashamba. Waliokuja na kamera hawakukosea kila kitu walichokisema. Kosa lao lilikuwa kudhani kazi imekwisha wakishasema. Na sisi tuliosoma, tunaoandika magazetini na kurusha vipindi, tumerithi tabia hiyo. Tunakwenda kijijini asubuhi na gari la mradi, tunapiga picha ya kisima kipya, tunanukuu mkuu wa wilaya, jioni tumerudi mjini. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na naandika haya nikijua.

Kwa hiyo nina mambo mawili tu. La kwanza, zile filamu za Vugiri zilizobaki London zionyeshwe hapa, hasa Korogwe, Mpwapwa na Kingolwira. Wakati wowote sasa atakufa mtu wa mwisho ambaye angeweza kuonyesha kidole kwenye shuka jeupe na kusema "yule ni baba". Hali kadhalika ya Grzimek: ionyeshwe Karatu na Ngorongoro kwa Kiswahili na Kimaa, kisha watu waachiwe kipaza sauti.

La pili ni dogo. Safari ijayo ukisimama kwenye ile piramidi, kabla ya kupiga picha, muulize dereva wako kwao ni wapi, na babu yake alihamia hapo lini na kwa nini. Mimi nilimuuliza wa kwangu. Alianza kusimulia pale kaburini, na tulipofika lango la Lodoare kurudi Karatu alikuwa hajamaliza.